Khabari ya Bukhtunassar, Mfalme wa Babili: Kiburi Chake, Toba Yake, na Rehema ya Mwenyezi Mungu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye falme zote za ulimwengu ni amana tu itokayo kwake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya, hii ni khabari ya mfalme aliyepewa mengi akajiona, akashushwa, kisha akarehemewa. Na ndani yake mna mafunzo kwa kila mwenye mali, na mwenye cheo, na mwenye elimu.

Mtu atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katika uwanda wa Mkata, hapo Mikumi, mahali palipofanywa hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1964. Huwaona nyati wamelala majanini, na nyumbu na pundamilia wakila malishoni, na asubuhi migongo yao imelowa umande. Na watu wa Kilosa, ambao mji wao uko kaskazini ya Mikumi chini ya milima, wanaujua uwanda huo, jinsi unavyojaa maji masika na kukauka kiangazi, na wanajua kuwa hapana mwanadamu alalaye humo usiku pasina moto wala boma. Basi na afikiri mtu moyoni mwake: mfalme mkubwa kuliko wafalme wote wa zama zake ametolewa katika jumba lake la dhahabu, akaachwa katika uwanda kama ule, anakula majani pamoja na ng'ombe, na umande wa mbingu unamlowesha, na hapana amjuaye wala ajijuaye mwenyewe. Hiyo ndiyo khabari waliyoiandika Mayahudi katika kitabu cha Daniyali juu ya Bukhtunassar.

Na yafaa ijulikane kwanza hukumu ya khabari namna hii. Ulama wamezigawanya khabari zitokazo kwa Bani Israili mafungu matatu. Iliyoafikiana na dini yetu huikubali, na iliyopingana nayo huikataa, na iliyonyamaziwa huisimulia kwa ajili ya mazingatio, pasina kuisadiki kwa yakini wala kuikadhibisha. Na khabari ya mfalme huyu iko katika fungu hilo la tatu, ila yale ambayo mawe na vibao vyenyewe vya Babili vimeshuhudia.

Waarabu humwita Bukhtunassar, na katika Biblia ya Kiswahili ameandikwa Nebukadneza. Kwa lugha ya watu wake jina lake lilikuwa Nabu-kudurri-usur, maana yake ni kumwomba sanamu Nabu amhifadhi mrithi. Baba yake, Nabopolassar, hakuwa mwana wa mfalme. Katika maandishi yake alijitaja kuwa ni mwana wa mtu asiyejulikana, wala hakuona haya kusema hivyo. Alitwaa Babili mwaka 626 kabla ya Nabii Isa, na mwaka 612 yeye na Wamedi wakauvunja mji wa Ninawi. Na Ninawi ndio mji wa watu wa Nabii Yunus a.s., waliotubu wakaondolewa adhabu. Kisha wakaja watu wa baada yao wakarejea katika jeuri, wasipate tena muhula. Hivyo Bukhtunassar alikulia katika nyumba ambayo baba alijua alikotoka, na mbele ya macho yake palikuwa na magofu ya mji uliokuwa ukitisha ulimwengu. Lakini si kila mwenye macho huona.

Mwaka 605 kabla ya Nabii Isa alikuwa bado mwana wa mfalme, akaliongoza jeshi la baba yake hatta Karkemish, kando ya mto Furati, akalishinda jeshi la Misri. Katika siku zizo hizo baba yake akafa, naye akafanya haraka kurudi Babili, akakaa katika kiti cha ufalme. Akatawala miaka 43. Sham ikamtii, na wafalme wadogo wakamletea kodi.

Mwaka 597 akauhusuru Baitul Mukaddas, akamchukua mfalme wake, Yehoyakini, kijana wa miaka 18, pamoja na mama yake na wakuu na mafundi, akawapeleka Babili. Akamweka Sedekia mahali pake. Sedekia naye akaasi, na wakati huo Nabii Irmiya alikuwa akiwanasihi watu wake waache dhulma na wasitegemee kuta za mji. Wakubwa wakamchukia, wakamteremsha katika shimo lenye matope ili afe. Aliyemwokoa hakuwa mkubwa wala jamaa. Alikuwa mtumishi Mhabeshi katika nyumba ya mfalme, jina lake Ebedmeleki, ndiye aliyemwendea mfalme akamtetea, kisha akamteremshia kamba na matambara makuukuu ayatie kwapani yasimkate, wakamvuta. Na atazame mwenye kujivunia nasaba: mabwana walimtupa Nabii shimoni, na mtumwa akamtoa.

Yapata mwaka 587 mji ukaanguka. Nyumba ya ibada aliyoijenga Nabii Suleman a.s. ikatiwa moto, na kuta zikabomolewa. Wana wa Sedekia wakachinjwa mbele yake, kisha akapofushwa macho, ili jambo la mwisho aliloliona duniani liwe hilo. Na watu wakafungwa wakaendeshwa kwa miguu safari ya miezi, wake kwa waume, mpaka nchi ya Babili. Wafasiri wengi wamemtaja Bukhtunassar wanapoeleza mwanzo wa Suratul Israa, palipotajwa adhabu mbili zilizowafikia Bani Israili kwa ufisadi wao, wakakhitalifu kama yeye ndiye wa adhabu ya kwanza au ya pili. Ibn Kathir ameonya kwamba khabari nyingi zilizosimuliwa hapo hazina haja, kwani zilizomo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu zatosha.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa pwani na watu wa Kilosa hawana budi kulitazama bila ya kugeuza uso. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilipita katika nchi hii ya Usagara, ikafuata bonde la Mkondoa. Kwa njia hiyo zilishuka pembe, na kwa njia hiyo walishuka watu waliofungwa shingoni, wametolewa katika miji yao kama walivyotolewa watu wa Baitul Mukaddas. Sayyid Barghash bin Said alitia mkono mkataba wa kukataza biashara hiyo baharini mwaka 1873, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa barani, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sharia ya Tanganyika mwaka 1922. Basi asomaye khabari ya mateka wa Babili asidhani kuwa anasoma khabari ya watu wa mbali.

Baada ya vita Bukhtunassar akageukia kujenga. Akauzungusha Babili kuta mbili, akajenga lango kubwa la matofali ya rangi ya buluu yenye kung'aa, limechorwa mafahali na majoka, na mnara wa ibada ya masanamu uliokwenda juu kwa madaraja. Na matofali mengi yasiyohesabika yakapigwa chapa ya jina lake na jina la baba yake. Wajerumani walipofukua mji huo baina ya mwaka 1899 na 1917 waliyakuta matofali hayo kila mahali, na lango lile limejengwa tena Berlin, katika nyumba ya makumbusho, ambako watu walikuwa wakilitazama kwa kulipa mpaka mwaka 2023. Mwenye kulijenga alitaka jina lake lidumu, na kweli limedumu. Lakini limedumu katika tofali, na tofali haliombei mtu maghufira.

Wasema Mayahudi katika kitabu cha Daniyali kwamba mfalme aliota mti mkubwa katikati ya dunia, kimo chake kimefika mbinguni, wanyama wakipata kivuli chini yake na ndege wakikaa katika matawi yake. Akaona malaika akishuka, akaamuru mti ukatwe, matawi yake yapunguzwe na matunda yake yatawanywe, ila kisiki chake kiachwe ardhini, kimefungwa kwa pingu ya chuma na shaba, kilowe kwa umande, nacho kipewe moyo wa mnyama mpaka zipite nyakati saba. Wenye hekima wa Babili wakashindwa na tafsiri yake. Akaitwa Daniyali, naye alikuwa mmoja wa mateka. Alipoisikia ndoto akashangaa kitambo, akataabika, kwani aliijua maana yake. Na haikumpendeza kumpasha mfalme khabari mbaya, ijapokuwa mfalme huyo ndiye aliyemtoa kwao. Kisha akamweleza kweli yote: kwamba mti ule ni yeye, na kwamba atafukuzwa mbele ya watu. Akamnasihi aziache dhambi zake kwa kutenda haki, na awarehemu walioonewa, huenda raha yake ikaongezwa.

Yafaa kuizingatia nasaha hiyo. Daniyali hakumwambia mfalme atoe kafara kubwa, wala ajenge jumba la ibada. Alimwelekeza kwa wale aliowadhulumu. Na kisiki kilichoachwa ardhini ilikuwa alama ya rehema iliyotangulia kabla ya adhabu kushuka, kwani mti uliokusudiwa kuangamizwa hung'olewa na mizizi yake.

Mfalme akaisikia nasaha, wala hakumdhuru mwenye kunasihi, lakini hakuitenda. Akapewa muhula wa miezi kumi na miwili. Na muhula ni mtihani mzito kuliko adhabu, kwa sababu mwenye kuadhibiwa hukumbuka, na mwenye kupewa muhula hudhani kuwa amesamehewa. Ulipotimia mwaka alikuwa akitembea juu ya dari ya jumba lake, akautazama mji na kuta zake na lango lake, akajisemea kuwa huu wote ameujenga yeye, kwa nguvu zake, kwa ajili ya utukufu wake. Hakuwataja waliobeba udongo, wala mateka, wala Muumba wa udongo. Neno hilo lilikuwa bado kinywani mwake, ikaja sauti kutoka juu kuwa ufalme umemwondokea. Saa ile akili ikamtoka, akafukuzwa, akala majani kama ng'ombe, nywele zake zikawa ndefu kama manyoya ya tai, na kucha zake kama kucha za ndege.

Na wepesi wa kushushwa kwake ni wa kuogopesha. Hakuletewa jeshi, wala maradhi ya mwili, wala moto. Aliondolewa kitu kimoja tu kisichoonekana, nacho ni akili, na kwa kukosekana hicho kuta mbili za Babili hazikumfaa kitu. Kila mwenye kujivuna kwa elimu yake au kwa maneno yake na akumbuke kuwa akili aliyojivunia ameazimwa, na mwenye mali yake huitwaa mali yake wakati atakao.

Zilipokwisha zile nyakati saba, asema mwenye kitabu, mfalme aliinua macho yake mbinguni. Hakuwa na akili ya kutunga dua, wala hakuwa na ulimi wa kusema. Aliinua macho tu, na akili ikamrudia. Kisha akamhimidi Aliye Juu, akakiri kuwa ufalme wa milele ni wake Yeye, na kwamba wenye kwenda kwa kiburi Yeye aweza kuwadhili. Akarudishiwa kiti chake, na mawaziri wake wakamtafuta.

Vibao vya taarikhi yake vilivyopatikana vinakoma mwaka 594 kabla ya Nabii Isa, wala katika hivyo hamna khabari ya kuondokewa na akili. Lakini katika hati za kale zilizofukuliwa katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, baada ya mwaka 1947, mlipatikana kipande kisimuliacho khabari iliyo karibu na hii juu ya mfalme mwingine wa Babili, Nabonido, kwamba alipatwa na maradhi mabaya ya ngozi miaka saba akiwa Taima, mpaka Myahudi mmoja akamwelekeza kumtukuza Mungu Aliye Juu. Na Taima ni mji wa Bara Arabu, kaskazini ya Madina, na ni kweli kuwa Nabonido alikaa huko yapata miaka kumi, akaacha Babili kwa mwanawe. Kwa hiyo wako wenye elimu wanaosema kuwa khabari ya mfalme mmoja ilihamia kwa mwingine. Na hilo ndilo linaloonyesha hekima ya ulama katika kutosadiki wala kutokadhibisha.

Ama wanazuoni wa Kiislamu, walikhitalifiana juu ya mwisho wa Bukhtunassar. Imepokewa kwa Mujahid kuwa waliomiliki dunia nzima ni wanne, waumini wawili, nao ni Nabii Suleman na Dhulqarnain, na makafiri wawili, nao ni Namrudi na Bukhtunassar. Na Wahb bin Munabbih amesimuliwa kuwa alisema mfalme huyo aligeuzwa tai, kisha fahali, kisha simba, miaka saba, na moyo wake ukiwa ni wa mwanadamu, kisha akarudishiwa ufalme akaamini. Akaulizwa kama alikufa hali ya kuwa muumini. Akajibu kuwa amewakuta watu wa Kitabu wamekhitalifu: wako wasemao kuwa alikufa na imani, na wako wasemao kuwa aliichoma nyumba ya Mwenyezi Mungu na vitabu vyake, akawaua Manabii, basi haikukubaliwa toba yake.

Suala hilo si dogo, na wala si la Bukhtunassar peke yake. Liko katika kifua cha kila mtu aliyetenda kubwa kisha akazeeka. Je, yako madhambi ambayo rehema haiyafikii? Jawabu ya dini iko wazi. Mlango wa toba u wazi maadamu roho haijafika kooni na jua halijachomoza magharibi. Na katika Hadithi sahihi imekuja khabari ya mtu aliyeua watu mia, akatoka kwenda mji wa watu wema ili atubu, akafa njiani, malaika wakashindana juu yake, akaonekana kuwa karibu na mji wa wema kwa kadiri ya shubiri, akachukuliwa na malaika wa rehema. Mwenye kusema kuwa Mwenyezi Mungu hawezi kumsamehe muuaji ameipunguza rehema Yake, na kukata tamaa nako ni mlango mwingine wa kiburi, kwani mwenye kukata tamaa huona dhambi yake ni kubwa kuliko Mola wake.

Lakini Imamu Nawawi, na ndiye nguzo katika madhehebu ya Shafii, ameeleza kuwa toba ina masharuti matatu: kuiacha dhambi, na kujuta, na kuazimia kutorejea. Na ikiwa dhambi ni haki ya mwanadamu, huongezeka la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kutaka radhi yake. Kwa mizani hiyo na ipimwe khabari ya mfalme. Kitabu cha Daniyali chasema alimhimidi Mungu; hakisemi kuwa aliwafungua mateka. Nyumba aliyoichoma hakuijenga. Na Yehoyakini, yule kijana wa miaka 18, alikuwa bado kifungoni Babili. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa huko vimeandikwa mafuta aliyokuwa akipimiwa yeye na wanawe watano. Alifunguliwa katika mwaka wa 37 wa utumwa wake, umri wake miaka 55, na aliyemfungua ni Amel-Marduk, mwana wa Bukhtunassar, alipotawala baada ya baba yake kufa mwaka 562. Mfalme aliishi, akapoteza akili, akarudishiwa, akamsifu Mungu, akafa, na ufunguo wa gereza haukugeuzwa.

Basi huenda wote wawili walisema kweli, wale waliosema alirehemewa na wale waliosema imesalia ghadhabu juu yake. Lililokuwa baina yake na Mola wake lilikuwa jepesi kusamehewa, kwani Mola wake ni Mkarimu. Lililokuwa baina yake na watu lilibaki kama lilivyokuwa. Na Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa muflisi hasa ni ajaye Siku ya Kiyama na Sala na Saumu na Zaka, naye amemtukana huyu na kula mali ya yule, zikagawanywa thawabu zake kwa wenye haki zao mpaka zikaisha.

Na mifano ya Babili haikukoma Babili. Katika njia hii ya Kilosa, chini ya milima ya Uluguru, kando ya mto Ngerengere, aliinuka mtu aitwaye Kisabengo, akakusanya watu, akateka, akajenga mji wenye kuta za mawe na minara, na wasafiri wa karne ya 19 wakaustaajabia. Akafa, akamwachia binti yake. Mwaka 1872 mvua kubwa ikashuka, mto ukavimba, ukabomoa ukuta ule na nyumba. Na Kilosa yenyewe imeona Mkondoa ukivunja kingo zake mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukaichukua njia ya reli iliyojengwa na Wajerumani, na maelfu ya watu wakalala nje, tajiri na maskini katika hema moja. Na huko Babili, katika miaka ya 1980, Saddam Hussein aliamuru magofu yajengwe juu kwa matofali yaliyoandikwa jina lake kando ya jina la Bukhtunassar. Mwaka 2003 dola yake ikaanguka, na matofali yako pale pale.

Mwenye busara hangoji kupelekwa nyikani. Ikiwa amesogeza mpaka wa shamba la yatima, na aurudishe angali ana akili zake. Ikiwa ameweka mshahara wa kibarua, na amlipe kabla jasho lake halijakauka. Ikiwa humwita mwenzake kwa jina la utumwa wa babu yake, na amwendee amtake radhi, kwani Daniyali alikuwa mateka na Ebedmeleki alikuwa mtumwa, na kwa Mwenyezi Mungu walikuwa bora kuliko mwenye Babili. Kisha na ainue macho yake juu, wala asione kuwa amechelewa, maana kisiki kimeachwa ardhini kwa rehema ya Aliyekiacha.

Mwenyezi Mungu atukinge na kiburi, atuwezeshe kurudisha haki za watu tungali hai, na atujaalie mwisho mwema. Amin. Wallahu aalam.